Dakika Kumi na Moja

Bakuli la kioo, lile la zawadi ya harusi,
miaka sita kabatini bila ajira,
leo limepata kazi.
Kanfulawa nusu kikombe,
sukari kikombe na kitu juu (hicho kitu usiniulize),
maji viwili na nusu,
zafarani nyuzi tisa, nimezihesabu kwa kuwa ni ghali.
Nikakoroga hadi chini pasibaki tonge.

Shangazi Mwanasiti amekalia ndoo iliyofunikwa.
Ghorofa ya nne, Tudor, lifti mbovu tangu tuhamie;
amepanda kwa vituo, kila kituo na dua yake.
"Sasa mwaipika wapi?"
"Humu." Nikaligonga maikrowevu ubavuni.
Akaniangalia kana kwamba nimemwambia
mtoto nitamuogesha ndani ya friji.

Dakika tatu.
Sahani inazunguka, kataa ka manjano,
mvumo wa nyuki waliofungiwa chupani.
Nikatoa: weupe mtupu, uji wa mgonjwa.
Dakika mbili tena.
Nikatoa: imeanza kukamata,
mabonge huku, maji kule, haijui iwe nini.
Shangazi akanyosha shingo.
"Nipa," akasema. "Nipa kijiko hicho."

Kibokoni, kiwandani kwa baba yao,
sufuria ya shaba pana kama kitanda cha mtoto,
kuni za mvinje,
wanaume wawili vifua wazi wakipokezana mwiko
saa mbili, saa tatu,
na jasho, tuseme, likidondokea pembeni.
Wasichana nyuma ya ukuta:
kumenya iliki, kutwanga kungumanga,
kukata karatasi za kufungia.
"Miaka kumi na minane nimeinusa haluwa.
Kuigeuza, hata mara moja."
Alisema bila uchungu,
kama mtu anayetaja nambari ya nyumba.

Mkono wake siku hizi hutetemeka,
kikombe cha chai hukishika kwa yote miwili.
Ukatetemeka vilevile,
na kule kutetemeka kukayavunja mabonge
kuliko nilivyoweza mimi na nguvu zangu.
"Samli."
Nikatia kijiko.
"Utakufa na ubahili wako."
Nikatia cha pili, cha tatu, cha nne kikaenda chenyewe.

Dakika mbili, koroga. Dakika mbili, koroga.
Mlio wa kengele hakuungoja.
"Fungua, iliki ishaamka."
Na kweli: uji umekwenda zake,
pamebaki kitu cha rangi ya kaharabu,
kinang'aa, kinanata, kinaachia kuta za bakuli,
na kwa upande wa pili nakiona kidole changu.

Dakika ya kumi na moja, mita ikalia.
Feni ikasimama. Sahani ikasimama.
Tokeni zimekwisha,
na simuni nina shilingi arubaini;
shilingi arubaini haiwashi hata upele.

"Bado miko ishirini," akasema shangazi,
akalitoa bakuli kwa pindo la leso,
akalibana mapajani kama mbuzi wa nazi,
akageuza, akahesabu kwa sauti,
alipofika kumi na nne akapotea, akaanza upya.

Haikuganda.
Haikukatika vipande, haikuwa ya kufunga karatasi.
Ilivutika toka kijiko hadi kidevu,
uzi mmoja mrefu usiotaka kwaheri.
Tulikula dirishani, ya moto, na kahawa chungu ya jana,
vidole vikagandana, hakuna aliyejali.
Akalamba mgongo wa kijiko. Akaulamba tena.
"Mbichi," akasema. "Baba angeitupa."
Akalivuta bakuli kwake.

Nilimsindikiza ngazini hadi ghorofa ya pili,
akanikataza kuendelea.
Nilipokwisha kugeuka nikasikia sauti yake,
inapanda kwa mwangwi katikati ya kuta:
"Na lile sanduku, la mtumba,
Kongowea wauza bei gani?"